Kazi za Mikono Majumbani na Watoto Wetu Wadogo

 

Limeletwa katika darasa yetu swali na mama mmoja wa Kiembeni, nasi tuliahidi kulijibu katika karatasi hii ili faida yake iwaenee na wengine. Asema mama huyo kwamba yeye husuka ukili nyumbani na kushona kofia za viua, na binti yake wa miaka minne hukaa naye akimtazama. Siku moja alimshonea mtoto huyo mwana wa bandia kwa mabaki ya vitambaa, akamtia macho ya uzi mweusi na kumvika kipande cha leso. Akaja ami yake mtoto, akamnyang'anya mwana huyo akamtia motoni, akasema kwamba hilo ni sanamu, na malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Mtoto akalia mpaka akalala. Kisha mama akaambiwa juu ya hayo kwamba ukili wake ni kazi ya kizamani isiyo maana, na lau angemwashia mtoto televisheni, mtoto angetulia na yeye angepata wasaa wa mambo yake. Auliza: lililo sawa mbele ya dini ni lipi?

Twaanza na mwana wa bandia, kwani hapo pana machozi ya mtoto.

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wana wa bandia akicheza nao nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na wenziwe wasichana wakija kucheza naye. Wakimwona Mtume waliona haya wakajificha, naye akiwarejesha kwake wapate kuendelea na mchezo wao. Na Abu Daud amepokea kwamba miongoni mwa vichezeo hivyo alikuwako farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume akamwuliza Bibi Aisha, farasi naye ana mabawa? Akajibu kwamba je, hakusikia kuwa farasi wa Nabii Suleimani walikuwa na mabawa? Mtume akacheka mpaka yakaonekana magego yake. Basi huyo ndiye aliyetufundisha kuchukia masanamu, naye hakumnyang'anya mtoto kichezeo chake wala hakukitia motoni. Alikiulizia habari, akacheka.

Hatusemi kwamba wanazuoni wote wamekubaliana. Wako waliosema kwamba ruhusa hiyo ilifutwa baadaye. Lakini Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, naye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafi, amenakili kutoka kwa Kadhi Iyadh kwamba walio wengi katika wanazuoni wameruhusu vichezeo hivi vya watoto. Sanamu la kuchongwa lililosimamishwa sebuleni kwa fahari ni jambo jingine, na wala halikuulizwa. Kwa hivyo ami huyo, tukimdhania nia njema, amekwenda pupa. Tena kile kitu kilikuwa mali ya mtoto, na mwenye kuharibu mali ya mtoto ana deni kama aliyeharibu mali ya mtu mzima. Na alipe. Kitambaa hakina ghali, bali kumrejeshea mtoto furaha yake pengine kutamgharimu zaidi.

Sasa tuje kwenye lile la pili, nalo kwetu ndilo kubwa.

Katika Sahihi hizo hizo mna habari ya Rubayyi binti Muawwidh (R.A.), mwanamke wa Kiansari wa Madina. Asimulia kwamba wao walikuwa wakifunga siku ya Ashura na wakiwafungisha watoto wao wadogo, na wakiwatengenezea vichezeo vya sufi. Mtoto akililia chakula hupewa kile kichezeo mpaka ufike wakati wa kufuturu. Twawaomba wasomaji waitazame habari hii kwa makini. Wanawake wale hawakumfukuza mtoto akalilie kwingine, wala hawakumchapa, wala hawakuiacha ibada yake. Walikaa wakasokota sufi. Ilikuwa kazi ya mkono iliyoyatumikia mambo mawili pamoja, saumu na mtoto. Ni nani kati yetu leo, mwezi wa Ramadhani, mtoto wa miaka mitano anapodai chakula saa tisa mchana, afanyaye kitu kwa mkono wake ili amvushe? Wengi wetu humpa simu.

Simu na televisheni hatukuziharamisha, na mwenye kutafuta fatwa hiyo asiitafute kwetu. Tusemalo ni kwamba mtoto aliyewekwa mbele ya kioo amewekwa peke yake, hata kama mamake yu chumba kile kile. Na mtoto aliyeketi mkekani kando ya mamake asukaye, hata kama hawasemezani, yuko darasani.

Na darasa hiyo ni ya nini? Chukueni ukili. Ukindu huchanwa, hukaushwa, na unaotiwa rangi huchemshwa pamoja na rangi yake. Kisha husukwa ukili mrefu, na ukili ule huzungushwa na kuunganishwa ubavu kwa ubavu kwa shazia mpaka ukawa mkeka au msala. Mtoto hupewa majani matatu ajifunze kupishanisha, mamake akiwa na mengi. Atakosea, atafumua, ataanza tena. Mwenye kazi hii ajua kwamba ukili uliosukwa kwa ulegevu mwanzoni hauonyeshi aibu yake siku hiyo. Huionyesha siku ya kushona, mkeka unapokataa kulala sawasawa juu ya sakafu. Mwenyezi Mungu atueleza katika Sura ya Saba kwamba alimlainishia Nabii Daudi (A.S.) chuma, akamwamrisha atengeneze nguo za vita na apime vema katika kuunganisha pete zake. Nabii, naye mfalme, aamrishwa na Mola wake apime pete! Sisi twadhani uaminifu hufundishwa kwa maneno ya mimbari tu, na mtoto wa miaka minne haelewi neno uaminifu. Lakini aelewa anapomwona mamake akifumua shubiri nzima ya ukili kwa sababu ya jani moja lililopita njia mbaya, na hali hakuna mnunuzi ambaye angeliliona.

Na kofia za viua ni hivyo hivyo. Kitambaa hukunjwa mara mbili, huandikwa maua kwa kalamu, hutobolewa vijitundu na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ya majuma mengi kwa kofia moja. Mtoto huhesabu vijitundu pamoja na nyanya yake, na huko ndiko hesabu zake za kwanza. Kofia za mashine zitokazo ng'ambo zimejaa madukani kwa bei ambayo mshonaji wa mkono haiwezi, nasi hatumlaumu maskini avaaye hizo. Lakini mwenye uwezo aingiaye msikitini na kofia ya mashine, na hali jirani yake ni mjane ashonaye, na atafakari.

Huenda baba akasema, haya ni mambo ya wanawake, yanihusu nini? Bibi Aisha aliulizwa Mtume akifanya nini nyumbani mwake. Akajibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani mwake, na ukifika wakati wa swala hutoka kwenda kuswali. Na katika mapokezi ya Imam Ahmad imetajwa kwamba akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Twajua hali ya akina baba wa Kiembeni. Wengi huondoka alfajiri, wakavuka daraja la Nyali kwenda kisiwani na bandarini, na hurejea watoto wamekwisha kulala. Siku ya mapumziko baba akalia baraza hata Magharibi, na mtoto amwona kama mgeni aletaye mkate. Basi si lazima asuke ukili. Na amtengenezee mwanawe tiara kwa karatasi na vijiti, au gari la waya na vifuniko vya makopo, na mtoto amshikie waya. Wazee wetu walikuwa wakichonga pia kwa kisu huku wakiongoa habari, na hakuna aliyepungukiwa na uanaume wake.

Dharau hii ya kazi ya mkono twaiogopa, kwani imetuponza zamani. Wakubwa wetu waliiona, ndipo ikafanywa juhudi baada ya vita vikuu vya pili kujengwa hapa Mombasa chuo cha ufundi cha Waislamu, kilichojulikana kwa jina la MIOME, ambacho baada ya kubadilishwa majina kadhaa kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013. Na njiani hapo hapo, mtu atokapo darajani kuelekea Bamburi na Kiembeni, ziko karakana za Bombolulu zilizoanzishwa mwaka 1969, ambako watu wenye ulemavu wamefanya kazi za ngozi, nguo, mapambo na mbao wakala kwa jasho lao. Mtume (S.A.W.) ametueleza, katika mapokezi ya Bukhari, kwamba hakuna aliyekula chakula kilicho bora kuliko kilichotokana na kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daudi alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Mtu mwenye viungo vyote apitaye Bombolulu kila siku, na nyumbani kwake hata kifungo cha shati hukingoja mtu mwingine, anayo ya kujiuliza.

Yako mawili ambayo lazima tuyaonye, kwa sababu jambo jema nalo huharibiwa.

Moja ni hasira. Mtoto mdogo karibu na kazi ya mkono ataharibu. Atakata uzi, atamwaga rangi, atafumua usiku ulichosuka mchana. Anas (R.A.) alimtumikia Mtume miaka kumi, naye alianza akiwa mtoto, na amesimulia kwamba katika miaka hiyo Mtume hakumwambia hata "uf", wala hakumwuliza kwa jambo alilolifanya, mbona umelifanya? Mama aliyechoka, anayedaiwa kofia kesho, twajua hilo ni zito kwake. Dawa tunayoijua ni kumtengea mtoto majani yake na kitambaa chake, kiwe chake kweli, akiharibu ameharibu chake.

La pili ni kuwageuza watoto vibarua. Kumweka mtoto kando ya kazi ajifunze ni malezi. Kumkosesha chuo na skuli, au kumkesha mpaka macho yakaingia wekundu ili oda ya mfanyabiashara itimie, ni dhulma, hata kama mwenye kuifanya ni mzazi. Na hapa hatumwachi mfanyabiashara. Wako wanunuzi wazungukao majumbani bara ya Kisauni wakajua ni mama yupi hana kodi ya nyumba, kisha wakampa kwa mkeka wake bei ambayo wao wenyewe wangeona haya kuitaja mbele za watu. Na wengine huchukua mali leo wakalipa baada ya miezi. Mtume (S.A.W.) amepokea kwa Mola wake kwamba siku ya Kiama Yeye atakuwa mgomvi wa watu watatu, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi yake, asimpe ujira wake. Mwenye hesabu za namna hiyo na azimalize kabla hajajipanga safu ya kwanza.

Mama aliyetuuliza hakutaja habari ya sadaka, lakini twapenda kumwongezea. Mtume aliwaambia wakeze kwamba atakayemfuata upesi baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wenziwe. Wakawa wakipimana mikono. Ikawa ni Bibi Zainab binti Jahsh (R.A.), naye hakuwa na mkono mrefu wa kimo, alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na kuitoa sadaka. Basi ikiwa mtoto atasuka kipepeo chake cha kwanza, kilichopinda na kisicho na bei sokoni, na apelekwe yeye mwenyewe akampe nyanya mgonjwa wa jirani.

Tumekubaliana darasani kwamba kuanzia mwezi ujao akina mama wa Kiembeni wajuao viua na ukili watakutana Jumamosi baada ya Laasiri, kila mmoja na kazi yake, wawafundishe wasiojua. Watoto wadogo wasiachwe nyumbani. Na akina baba wenye visu, waya na karatasi za tiara wanayo baraza ya nje.

Wabillahi tawfiq.