Maji Ndani ya Mtumbwi: Ni Kazi ya Nani?



Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira mpaka Kalemie, tunajua ginsi mtumbwi wa mbao unavyotengenezwa. Fundi anapigilia mbao juu ya mbavu za mti, kisha anaziba nafasi zote kwa pamba iliyolowekwa katika mafuta ya mawese. Hata fundi akiwa hodari, siku za kwanza maji yanaingia kidogo, mpaka mbao zivimbe na kukazana. Na mtumbwi ukikaa sana juu ya mchanga bila kazi, jua linakausha mbao na nafasi zinafunguka tena. Mvua na mawimbi navyo vinaleta maji yao. Ndiyo sababu watu hawasafiri bila kopo la kutolea maji.

Swali letu ni hili: mtu asiyetoboa mtumbwi, je, anapaswa kutoa maji? Wengi wanajibu: «Si mimi, mwenye kosa atoe.» Jibu hilo tunalisikia hata kanisani, wakati sanduku la wajane ni tupu na mayatima wanafukuzwa shuleni.

Jibu hilo lina haki ndani yake, lakini halijui tabia ya maji. Mtumbwi ukiinama, maji ya chini yanakimbilia upande ule ule ulioinama, yanauinamisha zaidi. Hayaulizi nani alikosa. Kosa laweza kuwa la mtu mmoja, lakini hatari ni ya wote. Na kazi inafuata hatari.

Tumtazame mtume Paulo katika Matendo 27. Alikuwa mfungwa. Aliwaonya wasisafiri, wakakataa. Katika zoruba aliwakumbusha onyo lake, lakini hakuishia hapo: aliwatia moyo, akawahimiza kula, na watu wote 276 wakafika inchi kavu.

Papa Simon Kimbangu naye alifungwa tangu 1921 mpaka kufa kwake Élisabethville, ndiyo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Sisi wana wake tunashika upendo, amri na kazi. Upendo usio na kazi ni kopo lililotundikwa nyumbani.

Mtu atauliza: basi, mwenye kosa ataponea mgongoni mwa wengine? Hapana. Kutoa maji bila kuziba tundu ni kujichosha bure, na anayetoa maji ili kuficha tundu anadanganya wenzake. Wagalatia 6 yashika yote mawili: aya ya 2, tuchukuliane mizigo, aya ya 5, kila mtu na mzigo wake.

Kwa hiyo, tukikutana, tusianze kwa kutafuta mkosaji. Tuanze na wajane, kila mmoja kwa kadiri yake. Kisha sanduku lihesabiwe mbele ya wazee, bila kuogopana, na aliyefanya tundu alizibe yeye mwenyewe.

Bwana awabariki. Amina.