Maumivu Yakiisha, Kazi Ndiyo Kwanza Inaanza

Wanangu, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo nasema na wale ambao guu limekwisha kuvunjika: mlioanguka na bodaboda, mlioteguka kifundo kwenye ndondo, mliochanika kano za goti. Msidhani mmechelewa kusikia. Nimeona vijana wengi ambao ajali iliwaachia nafasi nzuri ya kupona, wakaipoteza wenyewe baada ya kufunguliwa hogo.

Siku hogo linapofunguliwa, nyumbani huwa furaha tupu. Lakini utazameni mguu huo vizuri. Paja limesinyaa, goti halikunjiki, kifundo kimekakamaa. Msuli usiotumika hupungua upesi. Wiki mbili tu za kutoutumia mguu zinatosha kulifanya paja moja liwe jembamba kuliko la pili. Daktari amekuunga mfupa, ila nguvu ya kubeba mwili wako hawezi kukushonea. Hiyo utaijenga mwenyewe kwa mazoezi, siku baada ya siku. Ndiyo maana Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Hospitali ya KCMC ya Moshi na hospitali nyingi za mikoa zina idara za fiziotherapia. Mkiandikiwa kwenda huko, nendeni. Hayo ni matibabu kamili, sawa na upasuaji wenyewe.

Mambo mawili yanawaponza, na la kwanza ni haraka. Mguu ukiacha kuuma mnasema umepona, Jumamosi mko uwanjani. Maumivu huondoka mapema, kano hukomaa baadaye sana. Mbrazili Ronaldo Nazário aliumia kano ya goti la kulia akiwa Inter Milan mwezi Novemba 1999, akafanyiwa upasuaji. Tarehe 12 Aprili 2000 aliingizwa uwanjani kwenye fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Dakika chache tu zilipita, akaanguka bila kuguswa na mtu, kano ikakatika kabisa. Huyo alikuwa na madaktari hodari na kila kifaa, na miezi karibu mitano ilikuwa imepita. Wewe unayejipa wiki tatu, unamtegemea nani? Aliyeshonwa ligamenti ya msalaba iliyo ndani ya goti (ACL) hushauriwa kusubiri angalau miezi 9 kabla ya mechi, na miezi hiyo si ya kukaa, ni ya kufanya kazi.

La pili ni woga. Kijana analazwa kitandani, mama anamletea kila kitu, jamaa wanamwambia asijisumbue. Wanampenda, lakini wanamharibia. Kiungo kisichochezeshwa hukakamaa, na kadiri siku zinavyopita ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kukirudisha. Enyi kina mama, mkitaka kumsaidia mwanenu, mkumbusheni mazoezi kama mnavyomkumbusha dawa.

Sasa shikeni haya. Siku za mwanzo baada ya kuteguka, usikubali kuchuliwa kwa nguvu wala kukandwa maji ya moto, uvimbe utazidi. Tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, uinue mguu, kisha upimwe kama kuna mfupa uliovunjika. Mtaalamu akikuruhusu, anza na madogo. Nyoosha goti, kaza msuli wa paja, hesabu hadi tano, legeza, rudia. Telezesha kisigino kitandani ili goti likunjike kidogo zaidi kuliko jana. Baadaye inuka kitini bila kushika, kisha simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Hilo la mwisho msilidharau. Kifundo kilichoteguka mara moja huteguka tena kwa urahisi, na mazoezi ya kusimamia mguu mmoja hupunguza hatari hiyo.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi, yanayotulia kufikia asubuhi, yasikutishe. Ukiamka goti limevimba kuliko jana, jana ulizidisha, punguza, usiache. Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, kidonda kikatoa usaha, au mguu ukafa ganzi, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Najua nauli ya kwenda kliniki ni mzigo kwa anayeishi kwa pikipiki ambayo sasa hawezi kuiendesha. Basi mwambie mtaalamu ukweli huo. Mwombe akufundishe mazoezi ya nyumbani, akuandikie ni mara ngapi, na akupangie siku chache za kurudi akukague. Kukaa kimya ukaacha kwenda ndiko kunakogharimu zaidi, maana mguu uliolemaa hukunyima kipato miaka yote.

Ronaldo alikosa msimu mzima akijijenga upya. Tarehe 30 Juni 2002, mjini Yokohama, alifunga mabao yote mawili yaliyoipa Brazil Kombe la Dunia mbele ya Ujerumani. Si kila mmoja wenu atacheza fainali, lakini kila mmoja ana ngazi za kupanda, mzigo wa kubeba na watoto wa kukimbia nao. Kabla ya kurudi kazini au uwanjani, pima mguu ulioumia kwa mguu mzima: usimame sawa, uruke sawa, ushuke ngazi sawa. Ukiwa bado nyuma, endelea na mazoezi, hata kama wenzako wanakuita. Mungu awape afya, nanyi mjipe subira ya kuifanyia kazi.