Siri Huzuia Msaada Usifike

Andiko: Mwanzo 37:23–35, Mwanzo 43:1–10, Mithali 28:13



Vijana wetu waliomba tuzungumze kuhusu filamu ambayo wengi wao wameshaiona. Inaitwa Knives Out, ilitoka mwaka wa 2019, na aliyeiandika na kuiongoza ni Rian Johnson. Kabla mzazi hajanitumia ujumbe wa kulalamika, nakubali: ina matusi na ina damu, usiwawekee watoto wadogo. Lakini hadithi yake inagusa nyumba zetu, na leo nitaisimulia hadi mwisho ili tuione kwa mwanga wa Neno.

Kuna mzee tajiri huko Marekani, Harlan Thrombey, mwandishi wa vitabu vya upelelezi. Anatimiza miaka 85, familia inakusanyika kwenye jumba lake, wanakula keki, wanacheka. Asubuhi anapatikana amekufa, amekatwa koo. Mpelelezi Benoit Blanc anaanza kuwauliza maswali, na hapo ndipo unaanza kuona kilichokuwa nyuma ya zile picha nzuri za ukutani. Mkwe ana mwanamke wa nje. Mke wa mtoto aliyefariki amekuwa akipokea karo ya binti yake mara mbili, shule inalipwa na yeye pia analipwa. Mwana anayesimamia kampuni ya kuchapisha vitabu vya baba ameachishwa kazi usiku uleule, na hataki mtu ajue. Mjukuu, Ransom, ameambiwa hatapata kitu kwenye wosia. Familia nzima inaishi kwa pesa ya mzee, na kila mmoja ana jambo analolifunika.

Katikati yao yuko nesi wa mzee, Marta, binti wa mhamiaji. Huyu ana shida moja ya ajabu: akisema uongo, anatapika. (Fikiria kama sote tungekuwa hivyo. Idara ya usafi ingehitaji ndoo nyingi sana hapa Jumapili, si ndiyo?) Familia inasema Marta ni mmoja wao, lakini kila mtu akitaja nchi aliyotoka, anataja nchi tofauti. Wosia unaposomwa na kuonyesha kwamba mzee amemwachia Marta mali yote, upendo unaisha mchana huohuo. Mpaka mama yake, asiye na karatasi za kuishi Marekani, anafanywa kuwa tishio.

Mzee aliuawa na nini?

Sasa sikiliza kwa makini, kwa maana ujumbe wa leo uko hapa. Ule usiku wa sherehe, Marta anampa mzee dawa yake. Akiangalia chupa anashtuka: jina lililoandikwa linaonyesha amempa mofini nyingi mno. Anataka kupiga simu ambulensi ije. Mzee anamkataza. Anaona Marta atashtakiwa na mama yake atafukuzwa nchini, kwa hiyo, kama mtu wa hadithi za upelelezi, anampangia namna ya kutoka na kurudi ili asishukiwe. Kisha anajikata koo mwenyewe.

Mwishoni mpelelezi anagundua kwamba Ransom alikuwa amebadilisha dawa kwenye zile chupa ili Marta amuue babu yake bila kujua. Lakini mkono wa Marta ulikuwa na uzoefu. Aliitambua dawa yenyewe hata bila kusoma chupa. Alimpa dawa sahihi! Mzee hakuwa anakufa. Kama angeacha ambulensi ije, angepimwa, angeonekana mzima, na angekula kiamsha kinywa na watu wake.

Kwa hiyo, kanisa, dawa haikumuua Harlan. Ubaya wa Ransom ulikuwepo, na Ransom ana hatia. Lakini kilichomfikisha mzee kaburini ni mpango wa kuficha. Siri ilisimama mlangoni ikazuia msaada usiingie.

Nyumba ya Yakobo

Ukidhani haya ni mambo ya Marekani, fungua Mwanzo. Yakobo alikuwa tajiri: kondoo, ngamia, punda, watumishi. Wanawe wanamuuza ndugu yao Yusufu kwa vipande 20 vya fedha, wanachovya kanzu yake kwenye damu ya mbuzi, wanampelekea baba. Halafu tazama mstari wa 35: wanawe wote wanainuka kumfariji. Watu wanaojua ukweli ndio wameshika mkono wa baba wakimwambia pole mzee, jipe moyo! Kuna matanga ya namna hiyo hata leo.

Piga hesabu nami. Yusufu aliuzwa akiwa na umri wa miaka 17. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ikapita miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa kabla hajajitambulisha kwa ndugu zake. Hiyo ni miaka 22. Kwa miaka 22 familia moja inakula pamoja, inaoza mabinti, inazika wazee, na ndugu kumi wamefunga midomo.

Na siri hiyo iligharimu nini? Njaa ilipokuja, chakula kilikuwa Misri. Pesa walikuwa nazo, punda walikuwa nao. Lakini Yakobo alikataa kumwachilia Benyamini, kwa sababu aliamini Yusufu alikufa njiani, na hakutaka kupoteza mwingine. Katika sura ya 43 Yuda anamwambia baba yake kwamba kama wasingekawia, wangekuwa wameshaenda na kurudi mara mbili. Umeona? Watoto wanalia njaa nyumbani, chakula kipo, na kinachokizuia ni uongo wa miaka mingi ambao hakuna aliyetaka kuugusa. Ambulensi haikuitwa. Ngano haikununuliwa. Ni siri ileile.

Deni lisiloandikwa

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma. Huko tulifundishwa kwamba deni usiloliandika kwenye vitabu vya kampuni halijafutika. Vitabu vinapendeza, wenye hisa wanafurahi, lakini riba inaendelea kuhesabiwa. Siku moja anayedai anakuja, na kampuni iliyoonekana nzima inafungwa.

Hivyo ndivyo ilivyo nyumbani. Kuna baba ameweka hati ya shamba kama dhamana ya mkopo, na mama atajua siku dalali atakapobisha. Kuna mtoto upande ule mwingine wa mji, anafanana na baba kama pacha, na watu wa nyumba kubwa watakutana naye mara ya kwanza kaburini. Kuna ndugu waliokwenda kwa chifu kuchukua barua ya kuorodhesha warithi, wakaacha jina la dada kwa sababu ameolewa, au la mjane wa ndugu yao kwa sababu "huyo ataolewa tena."

Ndugu yangu, hata sheria ya nchi inajua siri hairithishwi salama. Maombi ya kusimamia mali ya marehemu hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na watu hupewa siku 30 kupinga. Hata zikipita, kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinaruhusu mahakama kufuta kibali ikiwa kilipatikana kwa kuficha jambo la maana. Unaweza kuwa umeshajenga kwenye ile ploti. Kama mahakama ya dunia inaweza kurudi kwenye faili ya zamani, je, Yeye ambaye mbele zake hakuna lililofunikwa?

Tufanye nini?

Kwanza, jua tofauti ya faragha na siri. Si kila jambo la nyumba yako ni la kutangazwa, na sikuiti uje kutoa ushuhuda wa aibu kwenye maikrofoni. Jiulize: kuna mtu anaumia au ataumia kwa sababu hajui? Kama yupo, hiyo si faragha tena.

Pili, mwambie anayehusika kwanza. Mithali 28:13 haisemi tu kuungama, inaongeza kuacha, na ndipo inaahidi rehema. Wengi tunaogopa kwamba tukisema, kila kitu kitabomoka. Lakini rehema ndiyo ile ambulensi. Haiwezi kufika nyumba ambayo imekataa kuiita. Kama ni ngumu kusema peke yako, njoo uone wachungaji katikati ya wiki, tutakaa nanyi.

Tatu, na hapa nasema kwa uzito wote: mtoto akiumizwa na mjomba, na jirani, hata na mtumishi wa kanisa, hiyo haiitwi siri ya familia. Tamari aliambiwa na kaka yake anyamaze, nyumba ya Daudi ikanyamaza miaka miwili, na mwisho wake ulikuwa damu. Usikae kikao cha wazee kuzima jambo. Mpeleke mtoto hospitalini, ripoti polisi, piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Jina la familia halina thamani kuliko mtoto.

Nne, wewe uliyetendewa, Yusufu wa nyumba yako: Mungu hakukusahau ndani ya shimo. Yusufu alipojitambulisha, aliwatoa watu wengine nje kwanza, akalia na ndugu zake, na magari yakatumwa kumleta baba. Ukweli ulipotoka, ngano ilifika.

Tuombe. Baba, unajua lililo chini ya zulia la kila nyumba iliyo hapa. Tupe ujasiri wa kulitoa sisi wenyewe kabla halijatolewa na wengine. Mpe anayesikia neema ya kupokea, na anayesema neema ya kuacha. Msaada wako uingie nyumbani mwetu wiki hii, tukikufungulia mlango. Katika jina la Yesu, Amina.