Jina la Yule Dada

Mwaka 1800 mchoraji Marie-Guillemine Benoist alipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris picha ya rangi ya mafuta ya mwanamke mweusi. Ameketi kitini, kilemba cheupe kichwani, hereni ya dhahabu sikioni, nguo imeshushwa mpaka titi liko wazi. Anatutazama machoni. Leo picha hiyo iko Louvre, na mimi kila nikiifungua kwenye simu nashindwa kuifunga.

Ni picha nzuri, sibishi. Kinachonisumbua ni sahihi. Mchoraji kaandika majina yake yote mawili, la ukoo wake na la mumewe. Aliyechorwa hakupewa hata moja. Picha iliitwa kwa rangi ya ngozi yake tu, kwa neno ambalo leo ni tusi. Jina lake, Madeleine, lilirudishwa hadharani mwaka 2019, katika maonyesho ya jumba la Orsay. Alikuwa mtumishi, aliletwa Ufaransa kutoka Guadeloupe na shemeji yake mchoraji. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa kwenye makoloni yake mwaka 1794. Miaka miwili baada ya picha hii, Napoleon akaurudisha.

Sasa, kumrudishia mtu jina baada ya miaka 200 ni kumtendea haki kweli? Wapo watakaosema ni kujisafisha tu, marehemu hafaidiki na chochote. Tena jina lenyewe ni la lugha ya mabwana zake.

Nilikaribia kukubali, mpaka nikakumbuka picha moja ya nyumbani. Familia nzima imejipanga, na mimi, mtoto mchanga, nimebebwa na dada wa kazi. Nikampigia mama.

"Mama, huyu aliyenibeba anaitwa nani?"

Kimya.

"Tulikuwa tunamwita Dada tu, mwanangu."

Alinilea miaka mitatu. Alijua nalia vipi nikiwa na njaa na nalia vipi nikiwa na usingizi. Sisi hatukujua hata aitwe nani.

Ndiyo maana sasa nasema jina lina maana. Halilipi deni, hilo najua. Lakini mtu usiyemjua jina huwezi hata kumtafuta umwombe radhi. Deni linabaki bila mwenyewe, na sisi tunalala usingizi.

Mama kaahidi kumuuliza shangazi, maana ndiye aliyemleta. Nasubiri.