Kwa Wauguzi Wanaoitazama Ujerumani

Wanangu, ninyi mnaomaliza chuo mwaka huu, na ninyi mnaoingia mwaka wa pili nyumbani mkiwa na leseni na hamna wadi, nawaandikia habari za Ujerumani kwa sababu ndiko macho yenu yaliko sasa. Siwazuii kwenda. Mzazi aliyesomesha mtoto uuguzi kwa miaka mitatu, kisha akamwona anauza kadi za simu stendi, hana uso wa kumwambia atulie. Ninalotaka tuzungumze ni moja tu: namna mnavyowaendea watu waliowatangulia huko.

Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano mjini Berlin kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi. Siku ile ile ikavuma kwamba Wakenya 250,000 watapewa kazi. Serikali ya Ujerumani ikakanusha waziwazi, ikasema makubaliano hayana idadi yoyote ndani yake. Hata hivyo mpaka leo nakutana na vijana wanaongoja zamu yao katika hizo laki mbili na nusu. Hakuna foleni ya namna hiyo. Atakayekuajiri ni hospitali au nyumba ya kutunzia wazee, na hao huchagua mtu mmoja mmoja kwa vyeti vyake, kwa lugha yake, na mara nyingi kwa neno la mtu anayemjua.

Hilo neno la mtu ndilo vijana wetu wanalolitafuta vibaya. Binti mmoja wa kwetu, muuguzi kule, alinionyesha jumbe anazopokea. Nyingi ziko hivi: "Mambo dada, naomba koneksheni huko, kazi yoyote tu." Aliyeandika hana jina, hana chuo, hana daraja la lugha. Huyu binti ametoka zamu ya usiku, anasubiri basi kwenye baridi. Afanye nini na ombi hilo? Haajiri yeye, wala hatoi viza yeye. Kumkatalia mtu wa nyumbani kunamuuma, basi anaandika "nitaangalia", kisha kimya. Nyumbani tunasema ameshaanza kuringa. Kumbe ameombwa asichokuwa nacho.

Alichonacho ni kingi, tena hakipatikani kwenye tangazo lolote. Ujerumani ina majimbo 16, na shughuli ya kuutambua uuguzi wako hufanywa na mamlaka ya jimbo unakokwenda. Wanachukua masomo yako ya hapa, wanayalinganisha na ya kwao, wanakuandikia barua ya yale yaliyopungua. Kisha ama unapitia kozi ya kuziba mapengo hayo, ama unafanya mtihani wa maarifa. Kijerumani nacho, kwa kawaida wanakitaka mpaka daraja la B2 ndipo upewe leseni kamili ya kazi. Aliyepita njia hiyo anajua karatasi ipi ilimrudishia faili, alingoja miezi mingapi, mwajiri alimlipia nini na nini alijilipia mwenyewe. Muulize hayo. Mwandikie hivi:

"Dada, hujambo. Nilisoma chuo ulichosoma, nyuma yako miaka miwili. Nimefaulu B1, na B2 naifanya mwezi wa tatu. Nimesikia uko Bavaria, nami nina usaili na hospitali ya huko huko. Je, wewe walikupa kozi au ulichagua mtihani? Ukipata nafasi, hata sauti fupi itanitosha."

Ujumbe huo unajibiwa. Unajibiwa ndani ya basi hilo hilo, kwa sauti ya dakika mbili, na dakika ya tatu mwenyewe anaongeza ambalo hukuliuliza: "Halafu na sisi wadini kwetu watu wanatafutwa, ngoja nimuulize mkuu wangu."

Msidhani pia kwamba anayeweza kuwafungulia mlango ni lazima awe shangazi au binamu. Mwaka 1973 msomi wa Kimarekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti uliohusu watu wa kazi za kitaalamu karibu na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, kama mmoja tu kwa kila sita ndiye aliyekuwa akionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wanaokutana nao kwa nadra, wengine mara moja kwa mwaka au isitimie. Ukifikiri, ni jambo la kueleweka: wa nyumbani mwako wanajua unayoyajua wewe, na wa mbali kidogo anajua ya upande wa pili. Kwa hiyo mkumbukeni yule aliyekuwa darasa moja mbele yenu. Mkumbukeni sista mkuu wa wadi aliyewatilia saini kwenye mazoezi; mkimjulia hali sasa, siku ya kuhitaji barua ya kuwaombea kazi hamtakuwa wageni kwake.

Na ukishajibiwa, rudi. Hapa ndipo wengi wanapokosea adabu, nami sioni aibu kuwakemea kama mzazi. Kijana anapewa maelezo ya saa nzima, anafuata, anafanikiwa, wala hasemi. Aliyekusaidia anahitaji kusikia: "Dada, barua imetoka, na ile karatasi uliyonitahadharisha ndiyo waliyoiulizia." Akitaka kukutaja mbele ya wakubwa wake anaweka heshima yake rehani. Ataiweka kwa mtu anayemjua kuwa hufuatilia mambo na hushukuru, si kwa aliyepotea.

Sasa fedha, maana hapa watu wameuza mashamba. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, msingi wake ni kwamba wakala hamtozi mtafuta kazi. Ujerumani yenyewe ina alama rasmi ya ubora kwa wanaoajiri wauguzi kutoka nje, na anayetaka alama hiyo ni lazima akubali kwamba gharama za kuajiri ni za mwajiri. Basi mtu akikwambia nafasi zimebaki tano, tuma pesa leo usiku, hata kama mnasali safu moja na hata kama mama zenu ni marafiki, mwombe jina la mwajiri na mkataba ulioandikwa, kisha litazame jina la wakala wake katika orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira hapa Kenya. Akikasirika, mwache akasirike. Ushauri juu ya kutambuliwa vyeti haulipiwi: tangu 2020 kuna ofisi ya serikali mjini Bonn inayowashauri bure walio nje ya Ujerumani.

Nanyi ambao hamjafika hata A1, msianze na WhatsApp ya mtu wa Ujerumani, maana bado hamna swali la kumuuliza. Anzeni na darasa la lugha. Mlio nao humo, wakiwa na bidii, baada ya mwaka au miwili watatawanyika Leipzig, Stuttgart na Köln. Someaneni maneno jioni, sahihishaneni insha, na kabla kozi haijakwisha kila mmoja awe na namba za wenziwe wote.