Mara ya Kumi na Saba

"Huo sio ule," Mama alisema, na kidole chake kikabaki juu ya kioo cha simu.

Ilikuwa baada ya Isha, nyumbani kwetu Ng'ambo, Unguja. Wiki nzima nilikuwa nikisafisha nyimbo zake. Simu ilijaa mpaka ikawa haipokei hata picha ya mjukuu, na nilipozihamishia nyimbo kwenye kompyuta nikaona sababu: wimbo mmoja umo mara tano, mwengine mara tisa. Kila shoga aliyemtumia taarabu kwa WhatsApp alimletea faili jipya lenye jina jipya. Na kila nilipozinakili upya kanda zake za zamani, niliongeza nakala juu ya nakala. Wimbo wa dakika nne huchukua kiasi cha MB 4. Ukiwa nao mara tisa, umejaza nafasi ya nyimbo nane usizokuwa nazo. Basi nikafuta, nikalala nikijua nimefanya kazi njema.

Alichokuwa akikitafuta ni wimbo uliorekodiwa kwenye harusi ya mama mdogo, mwaka 1994. "Kwenye ule," alinieleza, "ubeti wa tatu anaurudia mara tatu, kwa sababu wanawake hawajamaliza kutunza." Fidla inabaki ikizunguka palepale, watu wanapita mbele na noti zao, na mwimbaji hawezi kuwaacha njiani. Niliobakisha mimi ulikuwa wimbo uleule, mwimbaji yuleyule, umerekodiwa studio, sauti safi kabisa. Niliubakisha kwa sababu hiyo hiyo ya usafi.

Tangu usiku ule swali hili halijanitoka: ni lini vitu viwili huwa kitu kimoja?

Kompyuta ina majibu matatu, na kila moja ni la kweli kwa kiasi chake. La kwanza ni jina: jina la wimbo na la mwimbaji yakilingana, hesabu ni moja. Hilo ndilo nililolitumia, nalo ndilo lililonitia hasarani. La pili ni alama: programu husoma faili zima, ikatoa mchanganyiko wa tarakimu na herufi 32. Mafaili mawili yakitoa alama moja, ni nakala kamili. Lakini rekebisha herufi moja tu kwenye lebo ya jina la mwimbaji, alama yote itageuka, ingawa sauti haikuguswa. La tatu ni kusikiliza: programu hupima mwenendo wa sauti yenyewe na kuitambua rekodi moja hata ikiwa imebanwa kwa ubora tofauti. Hapo nako kuna mpaka. Kanda ya kaseti hupita kwenye kichwa cha redio kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Mota ikichoka, wimbo hulegea na sauti hushuka, na programu inaweza kuviona vitu viwili visivyojuana.

Mama ana jibu la nne. Yeye huuliza wimbo uliimbwa lini, wapi, na nani alikuwepo.

Mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz alishikilia kwamba hakuna vitu viwili vilivyo sawa kwa kila sifa. Vikikosa tofauti yoyote, basi ni kimoja chenye majina mawili. Alisimulia jinsi bwana mmoja alivyozunguka bustani ya Herrenhausen akitafuta majani mawili yasiyotofautiana, asiyapate. Leo ningeweza kumpa bwana yule mafaili mawili yenye alama moja, herufi kwa herufi. Ndani yake hayana tofauti hata chembe. Tofauti yake ni pahala tu: moja lipo hapa, jengine lipo pale.

Nilidhani pahala si kitu. Siku tatu baadaye kaka yangu, anayefanya kazi Maskati, alinipigia. Miaka kadhaa nyuma alikuja likizo akanakili nyimbo zote za Mama kwenye diski yake, apate kitu cha kusikiliza ugenini. Wimbo wa harusi ulikuwemo. Kaseti yenyewe ilishaliwa na ukungu zamani, na mimi nilishafuta lililokuwa hapa. Lililobaki duniani ni faili la Maskati, ambalo lingekuwa mezani kwangu wiki ile, ningelifuta pia na kuliita uchafu.

Hapo ndipo niliposhikwa. Nakala tisa za simuni na nakala ya kaka yangu ni za aina moja. Ukizifungua, hakuna chombo kitakachokuonesha kwamba hii ni takataka na ile ni akiba. Kilichozitenganisha hakimo ndani ya faili. Tisa zilijikusanya zenyewe, hakuna aliyezitaka. Ile moja iliwekwa na mtu aliyejua anaweka nini na kwa nini.

Sisi tuliolelewa madrasa tuna neno kwa jambo hili: nia. Tulifundishwa mapema kwamba amali hupimwa kwa nia, na mfano wake tunaufanya kwa viungo vyetu wenyewe. Msafiri aliyezikusanya Adhuhuri na Alasiri huswali rakaa mbili, akatoa salamu, akasimama tena akaswali rakaa mbili. Zote za kusoma kimya, zote rukuu moja na sijda mbili kila rakaa. Mtu anayemtazama kwa mbali atasema amerudia. Hakurudia. Ametekeleza faradhi mbili, na kinachoitenga moja na nyengine kimo kifuani mwake.

Tena angalia siku ya kawaida. Katika swala tano mna rakaa 17 za faradhi, na kila rakaa ina Alhamdu yake. Ya kumi na saba haina neno ambalo ya kwanza haikuwa nalo. Hata hivyo hakuna Muislamu anayesema ya Alfajiri inamtosha. Aliyeisoma Alfajiri alikuwa hajajua siku itamletea nini. Anayeisoma Isha ameshajua. Maneno ni yaleyale, ila msomaji wa Isha si yule wa Alfajiri. Katika Surat Rahman aya moja inarudi mara 31 ndani ya aya 78, na wanaoisikiliza hungoja irudi.

Silinganishi taarabu na swala. Naazima adabu tu. Adabu hiyo inanifundisha kwamba tendo halina nakala. Nakala ni ya chombo. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na upande mmoja wa santuri ulichukua kiasi cha dakika tatu, ikabidi wimbo ukae ndani ya kipimo hicho. Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni. Ukipanga kwa majina utawakuta wamekaa pamoja, nawe utashawishika kubakisha mmoja. Ukimfuta mmoja hukufuta marudio, umemfuta mtu.

Basi tuhifadhi kila kitu? Hapana, na hapa nasema kwa uzito uleule. Lundo nalo hupoteza. Wimbo wa harusi niliufuta kwa sababu ulikuwa umefukiwa chini ya nakala zisizo na mwenyewe, na jicho langu lilikuwa limechoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sayyidna Uthman, kama tulivyopokea, aliandikisha misahafu akaipeleka kwenye miji, na maandishi mengine akaamuru yachomwe. Amana ilitaka yote mawili: nakala za makusudi ziwe mbalimbali, na zisizo na nidhamu ziondoke.

Sasa nyimbo za Mama zina mlango mmoja. Kila kipya huingia folda ya mapokezi kwanza, nikakisikiliza, nikakipa jina kwa mpango: mwimbaji, wimbo, mwaka, pahala. Yenye alama moja naifuta bila wasiwasi. Yenye jina moja tu siigusi mpaka Mama aisikilize. Ninachokifuta hukaa siku 30 pembeni kabla ya kuondoka kabisa. Na kwa kila wimbo nawauliza nafsi yangu na Mama swali moja: mtu aliuimba upya, au mashine iliurudia tu?

Faili la Maskati liliingia usiku wa Ijumaa. Mama alilisikiliza amefumba macho. Fidla ikazunguka, ubeti wa tatu ukaja, ukarudi, ukarudi tena. "Hapo ndipo alipopita mama yako mdogo," akasema kwenye ule wa tatu, na alikuwa ameshanyoosha mkono kana kwamba ana noti. Nikafungua daftari nikaandika: Harusi, 1994. Ubeti wa tatu mara tatu. Nakala mbili, Unguja na Maskati, zimewekwa kwa kukusudia.