Sehemu ya Mmoja katika Giza la Wengi

Mtu aulizwapo juu ya kosa lililotendwa na wengi, hapana neno limtokalo kinywani kwa wepesi kuliko hili: "Mimi nilifanya kidogo tu." Aghalabu neno hilo ni kweli. Swali la insha hii ni kama ukweli wake watosha kumwondolea mtu lawama. Na kama hautoshi, lawama yake ni kiasi gani.

Kabla sijaja Eldoret kufundisha katika chuo cha ualimu, nilikabidhiwa maktaba ya shule moja ya sekondari. Mlikuwamo kitabu cha fizikia, nakala ya pekee, ambacho karatasi zake 31 zilikuwa zimechanwa, moja leo, nyingine kesho, na mikono mbalimbali. Mtihani ulipokaribia, msichana mmoja wa kidato cha nne, ambaye kwao hapakuwa na kitabu cha aina hiyo, alikuja kukiazima ili asome sura ya mwanga. Alikifungua, akapekua, akakuta vipande vya karatasi vilivyobaki penye mshono. Hakulalamika. Alikirudisha juu ya meza yangu, akauliza, "Mwalimu, sura hii nitaisoma wapi?" Sikuwa na jibu.

Juma lile lile alikamatwa mvulana mwenye karatasi moja ya kitabu hicho mfukoni. Alisema, "Mwalimu, nilikikuta kimekwisha haribiwa. Nilichukua moja tu." Kwa hasira nilimlipisha bei ya kitabu kizima, mbele ya wenzake wote. Wenzake walitazama kimya. Nami nina hakika kwamba baadhi yao walikuwa na karatasi zao sandukuni. Mvulana yule alisema kosa lake si kitu. Mimi nilisema kosa lote ni lake. Miaka imepita, na sasa naona kwamba sote wawili tulikosea hesabu.

Kilichonionyesha kosa la hesabu yetu ni ncha ya penseli. Weusi wa penseli hutokana na madini yaitwayo kinywe, ambayo hupatikana pia kwa jirani zetu wa Tanzania, katika nchi ya Mahenge. Kinywe ni kaboni iliyopangwa matabaka kwa matabaka, mfano wa kurasa za kitabu kilichofungwa, na kila tabaka lina unene wa atomu moja tu. Katika unene wa milimita moja ya kinywe mna matabaka kama milioni tatu. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Manchester huko Uingereza, walieleza jinsi walivyobandua kinywe kwa utepe wa gundi, wakarudia kubandua, hata wakapata tabaka moja peke yake. Tabaka hilo huitwa grafini. Kwa kazi yao juu yake walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010.

Sasa tazama jambo hili. Kinywe ni cheusi, lakini tabaka moja la grafini karibu halionekani. Mwaka 2008 wanafizikia wa Manchester walipima mwanga upitao ndani yake, wakakuta kwamba katika kila sehemu 1,000 za mwanga, tabaka moja humeza sehemu 23 hivi na kuziacha nyingine zipite. Wala halibagui: katika mwanga uonekanao na macho yetu, hutwaa kutoka katika rangi nyekundu kwa kipimo karibu sawa na kile litwaacho katika rangi ya buluu. Liongeze tabaka la pili, nalo litatwaa sehemu yake. Ongeza la tatu, nalo vivyo hivyo. Yakiwa matano, zaidi ya sehemu 100 katika 1,000 zimekwisha potea. Endelea kuyapanga, na mwisho utakuwa na jiwe jeusi.

Ni nani basi aliyeuleta weusi huo? Tukiliuliza tabaka moja moja, kila moja laweza kusema, "Si mimi; nitazame, mwanga wapita." Lakini kama kila moja lingekuwa halimezi kitu, hata mamilioni yake yasingemeza kitu, kwa kuwa utupu ukiongezwa juu ya utupu hubaki utupu. Haba na haba hujaza kibaba kwa sababu kila haba ni kitu. Upande wa pili, atakayelibandua tabaka moja na kulihukumu kwa weusi wa jiwe zima atakuwa amedhulumu. Sehemu ya mmoja si kitu bure, wala si kitu chote. Ina kipimo chake, na haki ni kukitafuta kipimo hicho.

Mvulana yule angeweza kunijibu: "Mimi nilikuja mwisho. Kitabu kilikuwa kimekwisha haribika, na karatasi yangu haikuongeza hasara kubwa." Hoja hii ina sura ya kweli. Tabaka la chini hufikiwa na mwanga uliokwisha punguzwa na yale ya juu; likitwaa fungu lake, hutwaa katika kile kilichobaki. Lakini anayeungoja mwanga huo chini ya matabaka yote hana mwingine. Kwa msichana aliyehitaji sura moja, karatasi iliyochanwa mwisho haikuwa na thamani ndogo kuliko ile ya kwanza. Pengine ilikuwa na thamani zaidi, kwa sababu zilizosalia zilikuwa chache.

Lipo jambo lingine, nalo laifanya hesabu yetu iwe ngumu zaidi. Hapa Eldoret, katika Chuo Kikuu cha Eldoret, wako wanafizikia wanaozikadiria kwa kompyuta tabia za vitu kwa kufuata mwenendo wa elektroni zilizomo ndani yake. Na mwaka 2012 wasomi wa nchi mbalimbali za Afrika walikutana Chepkoilel kujifunza hesabu za namna hiyo. Katika hesabu hizo haitoshi kujua idadi ya matabaka. Yapasa kujua pia yamelaliana vipi. Matabaka mawili ya grafini, moja likipindwa kidogo juu ya lenzake, huweza kumeza rangi fulani zaidi ya yatakavyomeza yakitengana, na rangi hiyo hufuata pembe iliyo kati yao. Ndivyo walivyo wanadamu. Mmoja akichana karatasi na mwenzake akilinda mlango, mapatano yao yamezaa kitu ambacho hakikuwamo katika mkono wa yeyote kati yao. Kwa hiyo asiyechana, lakini aliyejua na kunyamaza, naye asijitoe katika hesabu.

Mtu atasema kwamba tabaka la kaboni halichagui, ilhali mtu huchagua. Ni kweli, na hapo ndipo mfano wangu unapokoma. Tabaka haliwezi kujibandua lenyewe na kuurudisha mwanga lilioumeza. Mwanadamu aweza. Kama ningekuwa na hekima siku ile, nisingemtwisha mvulana mmoja kitabu kizima, wala nisingemwachilia kwa kuwa alichukua moja tu. Ningemwambia, "Rudisha karatasi yako, na ulipe thamani yake, kisha mimi nitawatafuta wengine 30." Nami ningejiuliza sehemu yangu mwenyewe, kwa maana funguo za maktaba zilikuwa mkononi mwangu.

Nchini mwetu twaita rushwa "kitu kidogo", na jina hilo limewadanganya watu wazima wengi kuliko wanafunzi. Kijana, utakapoombwa kitu kidogo, au utakapotamani kukichukua, usijiulize kama giza litatokea kwa ajili yako peke yako, halitatokea. Jiulize ni nani aliye chini ya matabaka yote, akingoja mwanga asome.